Somo Yake ni Nani?

Msomaji, ikiwa umepata kusoma katika shule yoyote iliyo mkabala wa kisiwa cha Chale, katika pwani ya Kwale, hapana shaka umemsikia mwalimu akiita jina moja katika daftari la mahudhurio na wasichana watatu wakaitika kwa pamoja. Jina lenyewe yamkini ni Mwanasha, au Mwanamvua, au Riziki. Katika vijiji vya upande ule, kama katika nchi yote ya Wadigo na jamaa zao wa Mijikenda, wajukuu hurithi majina ya babu na bibi. Basi bibi mmoja aliyejaliwa watoto sita aweza kuacha nyuma yake wajukuu sita wa kike, kila mmoja amechukua jina lake lile lile, na wote hucheza katika ua mmoja. Hapana anayetatizika. Yuko Mwanasha wa Gazi na yuko Mwanasha wa Kinondo. Yuko mrefu na yuko mwenye mwanya. Wenyewe kwa wenyewe huitana somo, neno ambalo wewe mwanafunzi umezoea kulisikia kwa maana ya kile unachofundishwa darasani, lakini ambalo pwani hutumika vile vile kwa mtu aliye na jina moja na wewe.

Taabu huanza jina linapotoka uani na kuingia kitabuni. Kitabuni hakuna mwanya wala urefu, hakuna Gazi wala Kinondo. Yamebaki maandishi matupu, na maandishi ya jina moja hufanana daima, kama zinavyofanana nyayo mchangani wakati wa maji kupwa, watu wanapokiendea Chale kwa miguu.

Nilipokuwa na umri kama wako nilitakiwa kuandika insha juu ya Electra, mmoja wa wanawake mashuhuri katika visa vya Wayunani, yaani watu wa Ugiriki ya kale. Electra huyo alikuwa binti wa Mfalme Agamemnon, aliyeongoza majeshi kuuteketeza mji wa Troy, na aliporudi nyumbani akauawa na mkewe Clytemnestra pamoja na hawara yake. Binti alibaki katika nyumba ya wauaji, akimngoja ndugu yake Orestes arudi kulipa kisasi. Kisa hicho nilikijua. Lakini nilitaka kuonyesha elimu zaidi ya niliyokuwa nayo. Basi nikafungua kamusi moja ya visa vya kale, nikalitafuta jina, nikanakili kila nilichokikuta chini yake. Nikaandika kwamba Electra ni binti wa Atlas, kwamba ni mmoja wa wale ndugu saba waliogeuzwa nyota, zile nyota ambazo wazee wetu huziita Kilimia na kuzitazama wapate kujua majira ya kulima. Nikaendelea kuandika kwamba alimzaa Dardanus, mzee wa wafalme wa Troy.

Tazama nilivyofanya. Binti ambaye katika tamthilia ya Sophocles analia kwamba hana mume wala mtoto, mimi nilimpa mtoto. Tena nilimfanya kuwa bibi mkuu wa mji ule ule ambao baba yake aliuchoma moto. Mwalimu hakunikemea. Aliandika pambizoni, kwa wino mwekundu, maneno manne tu: Huyo ni somo yake.

Kosa la namna ile ni kosa la haraka. Dawa yake ni subira na kitabu kizuri, na baada ya siku ile sikulirudia. Nikajua hata kwamba yuko Electra wa tatu, binti wa Bahari, mama wa Iris aliye upinde wa mvua. Silo ninalotaka kukueleza leo. Lipo kosa la pili, ambalo hata watu wenye vitabu vingi huliingia, nalo ni kudhani kwamba kila neno linalosimama mahali pa jina ni jina. Wanawake wa visa vya kale, vya Wayunani na vyetu sisi, mara nyingi hawakushirikiana jina hata kidogo. Walishirikiana cheo. Na cheo kikishavaa nguo ya jina, mwenye jina hasa hupotea ndani yake.

Chukua jina Creusa. Kwa Kiyunani maana yake ni mwanamke anayetawala, kwa hiyo ukilifasiri kwa Kiswahili chetu utapata neno kama Malkia, au Bibi Mkubwa. Creon nalo ni la kiume, maana yake mtawala. Ikiwa umesoma Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi iliyochapishwa mwaka 1971, umekutana na Creon wa Thebes, shemeji wa mfalme. Katika mji wa Corinth alikuwako Creon mwingine, aliyemwoza binti yake kwa Jason baada ya Jason kumwacha mkewe Medea. Hao wawili si mtu mmoja wala si ndugu. Ni kama mtu aseme Sultani wa Unguja na Sultani wa Maskati. Na huyo binti aliyeozwa, jina lake nani? Euripides, aliyeutunga mchezo wa Medea ulioonyeshwa Athens mwaka 431 kabla ya Kristo, hakumpa jina. Waliokuja baadaye walipotaka kumtaja, wengine walimwita Glauce, na wengine wakatwaa jina la baba, wakaligeuza la kike, wakamwita Creusa. Binti wa Mtawala akawa Mtawala wa kike, na hapo jina likatosha.

Katika mchezo ule binti huyo hatoki mbele ya watazamaji hata mara moja, wala hasemi neno. Habari zake zaletwa na mjumbe. Medea amempelekea, kwa mikono ya watoto wake, vazi zuri na taji la dhahabu, vyote vimepakwa sumu. Mjumbe asimulia jinsi binti alivyokunja uso alipowaona watoto, kisha alivyolainika alipoona zawadi. Jinsi alivyolivaa vazi, akasimama mbele ya kioo akitengeneza nywele, akatembea chumbani akijitazama mguu ulivyokaa chini ya nguo. Kisha sumu ikamshika. Baba yake akamkumbatia, naye akaungua pamoja naye. Mimi siwezi kumlaumu Euripides kwa kumnyima jina; mchezo ni wa Medea, na mtu hawezi kugawa taa moja kwa nyumba mbili. Lakini naomba uione dakika ile ya kioo. Ndiyo maisha yote aliyopewa binti yule na mtunzi, nayo ni kitu kingi kuliko alichopewa na wale waliomtafutia jina.

Sasa mtazame Creusa wa pili, katika mchezo mwingine wa mtunzi huyo huyo, uitwao Ion. Huyu ni malkia wa Athens, binti wa Erechtheus. Alipokuwa msichana mungu Apollo alimtwaa kwa nguvu. Akazaa kwa siri, akamwacha mtoto pangoni kwa hofu na aibu. Miaka imepita, ameolewa, hana mtoto, naye yuko Delphi pamoja na mumewe kuomba uzazi katika hekalu la mungu yule yule aliyemdhulumu. Kijana anayefagia mlango wa hekalu ndiye mwanawe, lakini hawajuani. Kwa wivu na uchungu Creusa ajaribu kumwua kijana kwa sumu. Karibu amwue mwanawe mwenyewe. Na katikati ya hayo yote asimama na kumshitaki mungu hadharani kwa kinywa chake. Jina lake ni lile lile, Bibi Mkubwa, jina tupu kama gunia. Lakini safari hii mtunzi amelijaza. Ukiwa na mwanamke mwenye jina la cheo mbele yako, usiulize tu maana ya jina. Uliza kama mwandishi amempa neno la kusema.

Creusa wa tatu ndiye aliyenifanya niandike insha hii. Virgil, mshairi wa Roma aliyekufa mwaka 19 kabla ya Kristo, asimulia jinsi Aeneas alivyokimbia kutoka Troy usiku ule mji ulipowaka. Alimbeba baba yake mzee mabegani, akamshika mwanawe mkono, naye mke wake Creusa akaambiwa afuate nyuma. Walipofika mahali pa kukutania, nje ya mji, mke hakuwapo. Aeneas akarudi motoni akimwita kwa jina, hata kivuli chake kikamtokea, kikamwambia asilie, aende zake, kwani safari ndefu yamngoja na mke mwingine wa kifalme yuko ng'ambo.

Basi sikia jambo hili. Pausanias, msafiri wa Kiyunani aliyeandika katika karne ya 2 baada ya Kristo, ashuhudia kwamba tungo mbili za kale, za kabla ya Virgil, zilimwita mke wa Aeneas kwa jina jingine. Zilimwita Eurydice.

Nawe wamjua Eurydice, ingawa si huyu. Eurydice unayemjua ni mke wa Orpheus, mpiga kinubi. Aliumwa na nyoka akafa. Mumewe akamfuata hata kuzimu, akaimba mpaka wenye kuzimu wakakubali kumrudisha, kwa sharti kwamba mke atembee nyuma na mume asigeuke kumtazama mpaka watoke mwangani. Orpheus akageuka, mke akapotea. Kisa hicho nacho Virgil alikieleza, katika kitabu cha nne cha utungo wake juu ya ukulima, miaka kadhaa kabla ya kumwandika Aeneas.

Weka visa hivyo viwili pamoja. Wanawake wawili, na wote wawili katika masimulizi fulani ni Eurydice; wote wawili watembea nyuma ya waume zao wakitoka mahali pa mauti; wote wawili wapotea njiani. Ila Orpheus alimpoteza wake kwa sababu aligeuka, na Aeneas, kwa ushahidi wake mwenyewe katika Virgil, alimpoteza wake kwa sababu hakugeuka. Mimi nadhani Virgil alijua vema alilokuwa akilifanya. Alifuata jina la Creusa, akaliacha la Eurydice, lakini kisa akakiacha kifanane na cha somo yake, mpaka msomaji ajiulize ni yupi katika waume wale aliyependa zaidi: yule aliyeshindwa kujizuia kutazama, au yule aliyekuwa na baba mabegani, na mtoto mkononi, na ambaye hakukumbuka kutazama. Kamusi ya majina haitakuambia hayo. Itakuambia tu: Eurydice wa kwanza, Eurydice wa pili, tazama Creusa.

Jina Eurydice lenyewe, ambalo ndani yake mna haki iliyoenea mbali, nalo lilikuwa na harufu ya kiti cha enzi. Mke wa yule Creon wa Thebes aliitwa Eurydice. Mama wa Philip mfalme wa Makedonia aliitwa Eurydice. Na mjukuu wa Philip huyo, msichana aliyeitwa Adea, alipoolewa na mfalme aliliacha jina lake akaitwa Eurydice. Vitabu vingi humtaja kwa jina hilo la pili. Adea alikwenda wapi?

Turudi nyumbani, maana swali hilo laweza kuulizwa pwani yetu pia.

Katika Kiswahili cha kale, hasa cha Lamu na Pate, neno mwana halikuwa na maana ya mtoto peke yake. Lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke mwungwana, jozi ya bwana. Bwana Fulani na Mwana Fulani, hivyo ndivyo walivyotajwa. Wanafunzi wengi hukutana na Mwana Kupona wakadhani wameonyeshwa mtoto mdogo. Nao wasichana wale wa daftari la mahudhurio, Mwanasha na Mwanamvua, wamechukua cheo hicho hicho kichwani mwa majina yao bila kukisikia uzito, kwa kuwa Mwanasha si chochote ila Mwana na Asha vilivyoshonwa pamoja.

Fungua faharasa ya kitabu chochote cha historia ya pwani, uende kwenye herufi M. Utawakuta wamekaa karibu karibu kama mtu na dada zake. Yuko Mwana Mkisi, ambaye masimulizi ya Mombasa humfanya malkia wa mji kabla ya Shehe Mvita. Yuko Mwana Mwema, malkia wa Unguja katikati ya karne ya 17. Yuko Mwana Khadija, aliyetawala Pate katika karne ya 18. Yuko Mwana Kupona binti Mshamu, mtunzi wa utendi. Hawakuwa ukoo mmoja wala zama moja. Mmoja ni wa masimulizi na waliobaki ni wa tarehe. Kilichowaleta pamoja ni cheo, na mpangaji wa faharasa.

Katika hao anayenitia huzuni ni Mwana Mwema. Litazame jina lake: Bibi Mzuri wa Tabia. Hilo ni jina, au ni sifa ambayo watu waliitumia kwa adabu wasilitaje jina hasa? Alikuwa upande wa Waomani, na Wareno walimshambulia kwa sababu hiyo. Karibu nusu karne baada yake Unguja ilikuwa na malkia mwingine, Fatuma, ambaye yeye alikuwa rafiki wa Wareno; Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698, alichukuliwa akapelekwa Maskati. Sasa mwandishi mvivu akisema Malkia wa Unguja, bila jina wala mwaka, amewaunganisha wanawake wawili akamfanya mmoja: mwanamke asiye na msimamo, leo yuko na hawa, kesho yuko na wale. Wao kila mmoja alishika upande wake akaumia kwa ajili yake. Kigeugeu ni cha mwandishi.

Mwana Kupona yu kinyume cha hayo. Yeye pia ana cheo mbele ya jina, lakini alijisemea mwenyewe. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa mawaidha. Alikufa yapata mwaka 1860. Mgonjwa ambaye jina lake ni Kupona! Hakuna mtunzi wa riwaya ambaye angethubutu kubuni jambo hilo. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huo pamoja na tafsiri ya Kiingereza, waliupa jina ambalo maana yake ni wasia juu ya wajibu wa mke. Kazi yao ilikuwa kubwa, nasi tuna deni kwao. Lakini jina lile la kitabu liliufunga utendi katika chumba kimoja. Usome wewe mwenyewe, kisha uniambie: ni mke tu anayesema mle? Yuko mama anayejua kwamba ataondoka, yuko mcha Mungu anayeomba dua ndefu kwa ajili ya watoto wake na jamaa zake, yuko mwanamke anayetaka utungo wake usomwe na wanawake wengine. Wachapaji walimtazama wakaona Mke, kama wale wa kale walivyomtazama binti wa Corinth wakaona Binti wa Mtawala.

Na Siti? Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880 na kufa mwaka 1950, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, hakuzaliwa na jina hilo. Wazazi wake walimwita Mtumwa. Siti, kwa asili ya Kiarabu, ni bibi mwenye heshima. Kwa hiyo alitoka katika cheo cha chini kabisa hata cha juu, na vyeo vyote viwili vilikuwa majina ya kawaida ya wanawake wa Unguja. Walikuwako Mtumwa wengi na Siti wengi. Hata hivyo ukisema Siti pwani nzima, bila kuongeza neno, watu wajua umemkusudia nani. Yeye alilishinda jina. Ni wachache waliofanya hivyo.

Nimesema habari ya vyeo. Iko namna nyingine ya kumficha mwanamke, nayo ni ya karibu zaidi na Chale. Miongoni mwa Mijikenda mwanamke akishazaa hutajwa kwa jina la mwanawe, na silabi moja ya mbele huonyesha kwamba ni mama. Mekatilili ni mama wa Katilili. Jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi, Mnyazi wa Menza, naye ndiye aliyewahimiza Wagiriama mwaka 1913 wasiutii utawala wa Kiingereza, akakamatwa, akapelekwa mbali magharibi mwa nchi. Kabla yake, katika masimulizi, alikuwako Mepoho, nabii mwanamke aliyetabiri kuja kwa wageni wenye nywele kama katani. Nimesahihisha karatasi nyingi za wanafunzi, na kila mwaka wako wanaowachanganya: Mekatilili ametabiri, Mepoho amekamatwa. Siwashangai. Silabi ya kwanza ni moja, kabila ni moja, na adui ni mmoja. Lakini kutabiri ni kazi moja, na kuzunguka kijiji kwa kijiji ukiwalisha watu kiapo ni kazi nyingine. Na tazama jinsi jina lilivyolipa kisasi chake: habari za Katilili mwenyewe, yule mwana, karibu hatunazo, ila amesalia ndani ya jina la mama yake.

Katika vijiji vya Wadigo nimewajua wasichana wadogo, wa darasa la kwanza, walioitwa Mejumaa. Mama wa Jumaa, na mwenyewe bado ana meno ya utotoni! Amerithi jina la bibi yake, na bibi alikuwa nalo kwa sababu ya mwana aliyemzaa. Cheka kidogo, kisha ujiulize: ikiwa jina alilorithi mtoto ni lile la uzazi wa bibi, basi lile bibi alilopewa siku alipozaliwa yeye limekwenda wapi?

Nitakueleza nilivyojua kwamba swali hili si la vitabu tu. Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi, bibi yangu mzaa baba alifariki. Nyumba yake ilikuwa ufukoni, ukitoka mlangoni wakiona kisiwa cha Chale na msitu wake mbele yako. Maisha yangu yote nilikuwa nimemsikia akiitwa mama wa fulani, kwa jina la ami yangu mkubwa, na sisi wajukuu tulimwita Bibi. Alikuwa na desturi moja iliyonichekesha: dada yangu mkubwa hakumwita kwa jina, alimwita somo. Somo, niletee maji. Somo, umekula? Mimi nilikuwa nimeanza shule, na neno hilo nililijua kwa maana yake ya darasani. Nikadhani kwamba dada yangu amepewa sifa ya kuwa na akili, nikaona wivu.

Tulimzika alasiri. Kama ilivyo desturi yetu wanawake walibaki nyumbani, makaburini tukaenda wanaume. Kaburi lilipokwisha kufukiwa mwalimu aliketi asome talakini, nayo haisomwi ila kwa kumtaja maiti kwa jina lake na jina la mama yake mzazi. Akauliza kwa sauti ndogo: Marehemu aliitwa nani? Ami yangu akajibu, Mama wa fulani, akijitaja mwenyewe. Mwalimu akasema, Hilo ni jina lako wewe, nataka lake. Wanaume wakatazamana. Baba yangu alilijua la kwanza, akalitaja. Lilikuwa jina la dada yangu. Lakini jina la mama yake marehemu hakuna aliyelijua pale, katika watu wapatao arobaini waliosimama kulizunguka kaburi. Waliojua mama wa nani alikuwa, mke wa nani, wa mlango gani, walikuwa wengi.

Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote waliokuwapo, tena mwenye mbio. Nikatumwa nyumbani kwa wanawake. Nilimkuta mkongwe mmoja jirani, ameketi juu ya mkeka nyuma ya mlango, nikamwuliza. Hakufikiri hata kidogo. Alinitajia jina la mama wa bibi yangu, na la mama wa mama yake pia, ambalo sikutumwa, akanishika mkono akanirudisha nyuma niyaseme yote mawili mbele yake kabla hajaniachia. Nikarudi mbio kwa njia ya ufukoni. Maji yalikuwa yamekwisha kujaa, huwezi tena kwenda Chale ila kwa chombo. Nami nikawa nikiyarudia majina yale kwa sauti, moja baada ya jingine, nikiogopa nisije nikayabadilisha njiani.